Pawa Saplai Isiyo na Taa

Mkinijia na kompyuta iliyokufa, sitawauliza imekufaje. Nitawauliza imekufa saa ngapi. Watu wa miji mingine wacheke wakitaka, lakini hapa kwetu Kigoma, kuanzia Ujiji hadi Mwanga na kule Katubuka, saa inaeleza nusu ya ugonjwa. Ikifa asubuhi, nafikiria vumbi, mende, au mtoto aliyemwaga chai. Ikifa jioni wakati kila nyumba inawasha taa na pasi, au pale umeme uliokatika unaporudi kwa kishindo, sihangaiki na kitu kingine. Nakwenda moja kwa moja kwenye pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta.

Mimi ni Zuhura, fundi mstaafu. Hakuna ofisi iliyonistaafisha, ni macho. Nilianza na redio, nikaingia kwenye televisheni, kisha kompyuta, zote juu ya meza ileile karibu na soko la Mwanga. Sasa wajukuu zangu na rafiki zao wananiletea maswali ya kompyuta za gemu, na wote mnaanza palepale: jipiyu gani, yaani kadi ya picha, prosesa gani, ramu kiasi gani. Pawa saplai mnaikumbuka mwisho kabisa, mnainunua kwa chenji iliyobaki. Mnampikia mgeni pilau la nyama, halafu maji ya kunywa mnamchotea mtaroni. Nawapenda, lakini hapo mnanichosha.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Kasongo, mtu wa ng'ambo ya ziwa aliyevuka kutoka Kalemie akiwa kijana na hakurudi tena. Wakati ule mafundi wa mjini walikuwa wanaume watupu. Nilipoomba kujifunza, wawili walicheka, na wa tatu akanielekeza kwa washonaji. Mzee Kasongo hakucheka. Alinisogezea redio iliyoharibika akasema, "Binti, fungua hii. Ukiivunja, utajua vile inavunjikaka." Niliivunja kweli. Akanipa nyingine. Kila tonge nililokula kwa kazi hii, baada ya Mungu namshukuru yeye, na sioni haya kulisema.

Alinifundisha kupima kwa mkono. Pawa saplai nzuri ina shaba na vyuma vya kutosha ndani, kwa hiyo ina uzito, na ile ya ovyo ni nyepesi mithili ya kopo tupu. Ujuzi huu haukubaki kwa mafundi. Ulienea Mwanga nzima, ikawa ukiingia dukani unamkuta mtu mzima ameshika pawa saplai mbili, moja kila kiganja, amefumba macho, na muuzaji anamsubiri kwa heshima kana kwamba anasali. Sasa, mnadhani watengenezaji wa bandia hawakuusikia ujuzi huo? Siku moja Mzee Kasongo aliipokea moja mpya kutoka kwa mteja, akaipandisha na kuishusha mkononi, akakunja uso. "Hii iko na uzito ya uongo," akasema. Tukaifungua. Ndani, pembeni ya vifaa vichache vya kutia huruma, kulikuwa na donge la saruji limegandishwa kwenye kava. Donge hilo lilituzuilia mlango kwa miaka mingi, na nakiri kwamba kwa kazi hiyo lilikuwa zuri sana.

Kwa hiyo pimeni kwa mkono, ndiyo, lakini uzito ni salamu tu, mazungumzo bado. Baada ya salamu, someni lebo. Acheni ile namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu. Tafuteni mstari mdogo wa volti kumi na mbili, maana jipiyu na prosesa vinakula hapo. Kuna namba ya ampea. Izidisheni mara kumi na mbili, mpate wati za kweli. Nimewahi kushika moja imeandikwa wati mia saba na hamsini, nikapiga hesabu ya mstari ule nikapata mia mbili na arobaini. Nikamuuliza muuzaji zilizobaki ziko wapi. Akaniambia, "Bi Zuhura, wewe nunua tu, zingine zitakuja." Bado nazisubiri.

Jambo la pili kwenye lebo ndilo la Kigoma hasa, na hapa lazima niwaeleze ujanja wetu wa zamani.

Zamani umeme wetu wa jioni ulikuwa unashuka mpaka balbu inakuwa nyekundu, unaona waya wake wa ndani kabisa. Siku hizi umeimarika, namshukuru Mungu, lakini iko mitaa ya mwisho wa laini ambayo bado inaonja yale mambo. Pawa saplai za wakati ule zilikuwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, upande mmoja volti mia na kumi na tano kwa nchi zenye umeme mdogo, upande mwingine mia mbili na thelathini kwa nchi kama yetu. Mafundi wa hapa wakagundua kwamba jioni, umeme ukishuka sana, ukiigeuza ile swichi kwenye mia na kumi na tano kompyuta inaamka. Sijasikia mji mwingine uliofanya hivyo. Shida ni kwamba watu wakimaliza kupika na kuzima vitu vyao, umeme unapanda tena, na pawa saplai iliyodanganywa inapasuka kwa mlio ambao nyumba ya pili wanauliza kuna nini.

Mzee Kasongo aliweka sheria. Ukigeuza swichi, funga kitambaa chekundu kwenye plagi, ili yeyote atakayeiona akumbuke kuirudisha. Sheria nzuri, mpaka mke wa mteja mmoja alipokiona kitambaa, akakiona kimechafuka, akakifungua akakifua. Mlio uliofuata ulimfanya mumewe aruke na bakuli la ugali mkononi. Tangu siku hiyo Mzee alikataza ujanja ule katika meza yetu, na mafundi wengine wakawa wanatuita waoga. Tulikubali kuitwa hivyo.

Nimesema haya yote ili muelewe ya Fiston.

Fiston ni kijana wa Katubuka, anafanya kazi kwenye duka la kuchapisha. Mama yake anaitwa Mama Bahati, kwa jina la mtoto wake mkubwa. Mimi naye tulijuana tangu usichana wetu, kwa vile ukoo wao na wa Mzee Kasongo walitoka upande mmoja wa ziwa. Bahati alienda kufanya kazi nchi za baridi, kwenye ghala la mizigo. Kabla hajaondoka alizoea kucheza gemu ya mpira na mdogo wake, na alipofika huko akampelekea jipiyu iliyotumika, ikaja ndani ya begi la msafiri, imevikwa soksi. Fiston akaunda kompyuta kuizunguka ile jipiyu, kipande kwa kipande, na kila Jumamosi jioni, kwa kaka yake ikiwa asubuhi, wakawa wanacheza kwa mtandao.

Siku moja Mama Bahati aliingia uani kwangu na kikapu. Ndani, chini ya kitenge, kulikuwa na pawa saplai inayonuka kuungua. Sikuhitaji kuuliza saa.

"Jioni, siyo?" nikasema.

"Jioni, Dada. Umeme ilikuwa chini. Jirani akamwambia Fiston ageuze kile kiswichi, mafundi wa zamani walikuwa wanafanyaka hivyo. Ikawaka. Tukafurahi. Alafu ikapiga, paa!"

Nilicheka, na nikaacha haraka nilipomwona. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na machozi yanamtoka, mtu mzima, kwa ajili ya kompyuta ya gemu. Nikamwambia asilie, Fiston ni kijana, atapata cha kuchezea.

"Siyo Fiston," akasema. "Ni mimi."

Ndipo akaniambia. Kwenye simu Bahati hasemi kitu. "Kwa simu anasemaka tu, 'Mama, niko salama, usijali.' Anakata. Kwa gemu njo anaongea. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka." Kila Jumamosi Fiston aliacha vile vya masikioni akawasha spika, na mama yake akakaa nyuma yake kwenye mkeka akichambua maharage, kimya, hata kikohozi anakimeza. Bahati alidhani anaongea na mdogo wake peke yake. Hivyo ndivyo mama alivyojua kwamba mwanawe alifukuzwa kazi kwenye lile ghala. Alijua kwamba mgongo unamsumbua, na kwamba bado hajapata kazi nyingine ya maana. Hakumwambia mtu, na kwa simu akaendelea kuambiwa kwamba kila kitu ni salama.

"Ile mashine ikikaa imekufa, nitakuwa na mtoto wa salamu tu," akasema.

Vijana wangu, nimetengeneza vitu vingi. Sijawahi kuona pawa saplai yenye mzigo mkubwa kuliko ile.

Kwanza nilitaka kujua kama jipiyu imepona. Pawa saplai mbaya ikifa haipendi kufa peke yake. Fiston akaileta kompyuta kwenye bajaji, ameipakata mapajani, ananiamkia shikamoo huku macho yako chini kwa aibu ya kile kiswichi. Nilikuwa bado na pawa saplai yangu moja ya kupimia. Nikaichomeka, tukashika pumzi, na picha ikaja. Mama Bahati akapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Lakini nikawaambia ukweli: tumesamehewa mara moja. Ikipigwa tena, jipiyu inaondoka, na Bahati hana kazi ya kununulia nyingine.

Tukaenda Mwanga, mimi na Fiston. Mpya ya kampuni inayoaminika hatukuiweza, tukaitazama tu kwa adabu. Kwa kilichokuwa mfukoni tulibaki na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mpya kwenye boksi, ina feni inayowaka rangi zote, imeandikwa namba kubwa kwa dhahabu. Ya pili ilikuwa imetumika, imetolewa kwenye kompyuta ya ofisi iliyovunjwavunjwa, ya kijivu, imekwaruzwa, haina taa hata moja. Fiston aliishika ile ya rangi kama mtu aliyeshika mtoto mchanga.

"Bibi, hii imekaa poa. Mpya kabisa. Na ina waranti."

"Waranti ya muda gani?" nikamuuliza muuzaji.

"Mpaka utoke mlangoni, Bi Zuhura," akajibu, na sisi wote tukacheka, maana tulikuwa tunajuana. Ni mtu mkweli yule, ukimuuliza.

Nikamwambia Fiston asome lebo zote mbili kwa sauti, kwa vile macho yangu hayafiki. Kwenye ile ya rangi, mstari wa volti kumi na mbili ulikuwa na ampea ishirini. Akazidisha, akaitazama tena ile namba ya dhahabu. Kwenye ile ya kijivu zilikuwa arobaini na moja.

"Sasa soma umeme inaoingiza," nikasema.

Ya rangi: volti mia mbili hadi mia mbili na arobaini. Ya kijivu: mia moja hadi mia mbili na arobaini.

"Jioni kwenu mtaani unashuka mpaka ngapi?"

Akaanza kutabasamu. Ameelewa. Pawa saplai ya namna ile haina swichi ya kugeuza. Yenyewe inajipanga, umeme ukishuka inavuta kwa bidii zaidi, ukipanda inatulia. Ujanja wote tuliokuwa tunaufanya kwa vitambaa vyekundu, mtu fulani amekaa mahali akauweka ndani ya kava, na namshukuru ingawa simjui. Kwa mtu wa mwisho wa laini, mstari huo mdogo wa lebo una thamani kubwa kuliko taa zote za duka.

Lakini kitu kilichotumika hakinunuliwi kwa lebo peke yake. Tuliangalia kichwa kikubwa cha nyaya kama kinaingia kwenye ubao mkuu wa kompyuta ya Fiston, kwa sababu nyingine za ofisi zina vichwa vyao vya ajabu. Tukaangalia kama ina mdomo wa kulishia jipiyu. Nikainusa. Nikaitikisa sikioni, nikisikiliza kama kuna skrubu inayocheza. Fiston akamulika tochi ya simu kwenye matundu, akatafuta kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme, zilizovimba kichwa. Zote zilikuwa bapa. Kwa kutazama mnaishia hapo. Msiifungue kamwe. Hata ikiwa imechomolewa, ndani kuna umeme umejificha, na nimeshuhudia ukimrusha fundi mwenye uzoefu kutoka kwenye stuli.

Halafu nikamwomba muuzaji ruhusa ya kufanya jaribio la Mzee Kasongo. Mzee alikuwa na ndoo ya bati, na ndani yake balbu za taa za mbele za magari zilizofungwa pamoja. Ukiiwasha pawa saplai na kuibebesha balbu hizo zote, inalazimika kutoa nguvu ya kweli. Nzima inaweza kukaa hivyo wakati wewe unakula. Mbovu inaanza kunuka kabla hujanawa mikono. Alipofariki, ndoo ile niliirithi mimi, na siku hiyo tulikuwa tumekuja nayo. Tukaunga, balbu zikawaka nyeupe mpaka wapita njia wakasimama, tukaagiza chapati na maharage, tukala bila haraka. Niliporudi kuishika, kava ilikuwa na uvuguvugu tu. Nyaya zilikuwa baridi. Mita ilionyesha volti kumi na mbili, imetulia tuli.

"Hii," nikasema.

Fiston akaitazama mara ya mwisho ile yenye rangi, akavuta pumzi. "Washkaji watanicheka, Bibi."

"Waje wakucheke jioni, umeme ukishuka."

Nyaya za zamani nilimwambia azitupe zote. Kumbukeni na hili: msichukue waya wa pawa saplai moja mkauchomeka kwenye nyingine kwa sababu tu umeingia. Mdomo unaweza kufanana, lakini ndani mpangilio ukawa mwingine. Na umeme ukikatika, chomoeni. Ukirudi, kunyweni kwanza chai ndipo mchomeke.

Jumamosi nilikwenda Katubuka mwenyewe na mita yangu. Nilisema nakwenda kuhakikisha kazi, lakini ukweli nilitaka kumsikia huyo Bahati. Nilikaa kando ya soketi. Mama Bahati alikuwa kwenye mkeka na ungo wa maharage. Kompyuta ikawaka, na ile pawa saplai ya kijivu ikafanya kazi kimya. Baadaye kidogo sauti ya mwanamume ikajaa chumbani, inacheka, inamtukana Fiston kwa upendo kwamba beki zake zote zimelala.

Nilimwangalia mama yake. Mikono ilikuwa inachambua, na midomo inacheza bila sauti, akimjibu.

Walicheza, wakaongea. Bahati akasema amepata kibarua cha siku chache, kubeba samani. Akasema mgongo, basi tu. Nje jua likaanza kuteremka, majirani wakawasha taa, mtu akachomeka pasi. Namba kwenye mita yangu zikaanza kushuka. Mia mbili. Mia na themanini. Pangaboi likapunguza mwendo mpaka nikaweza kuzihesabu mbawa. Balbu ya chumba ikawa nyekundu. Mia na sitini.

"Yesu wangu, inakufa tena!" Mama Bahati akapiga kelele.

Haikufa. Picha haikucheza hata kidogo. Wachezaji wakaendelea kukimbia kwenye nyasi zao za kijani. Lakini ile kelele Bahati aliisikia.

"Mama?"

Fiston akanigeukia, kana kwamba na hilo ninaweza kulitengeneza.

"Mama, uko hapo?"

"Niko."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Mchezaji wa Bahati akasimama katikati ya uwanja. Fiston, ambaye vidole vyake vilikuwa vimesahau kusimama, akafunga bao, na hakuna aliyeshangilia.

"Kwa hiyo ile ya kufukuzwa kazi ulisikia."

"Nilisikia, mwanangu."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema, ungeacha kucheza."

Mimi niliangalia mita, sikuwa na mahali pengine pa kuangalia. Mia na sitini, haipandi wala haishuki. Moyoni nilikuwa naiomba ile pawa saplai ikaze, ikaze hivyohivyo, isituangushe sasa hivi. Kwenye spika tulisikia mtu anapumua, mbali kabisa.

"Mama," akasema Bahati, na sauti ilikuwa ndogo, siyo ile ya kumtania mdogo wake. "Mgongo unaniuma sana."

Mama Bahati akausukuma ungo, maharage yakamwagika mkekani, akasogea mpaka karibu na maiki iliyokuwa mezani.

"Wapi, baba? Juu ao chini?"

Nikazima mita yangu, nikanyanyuka taratibu. Nikiwa mlangoni nilimtaja Mzee Kasongo, nikamshukuru kwa jina lake, kwa sauti. Umeme wa mtaa mzima ulikuwa bado uko chini, na humo ndani Bahati alikuwa anamweleza mama yake wapi panapouma.